Mtoto Hana Kitanda Chake: mwongozo kwa Waswahili wanaotathmini wazazi wa jamii za asili Kanada

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya ulinzi wa mtoto, Winnipeg, Kanada, niliandika sentensi ambayo sijaisahau: "Mtoto hana kitanda chake." Nilikuwa nimetoka kumtembelea mama kijana wa Cree, mojawapo ya jamii za asili za huku, watoto watatu, nyumba ya vyumba viwili, na fomu yangu ilikuwa na kisanduku kinachouliza mtoto analala wapi. Msimamizi wangu, mama mtu mzima wa jamii hiyohiyo, aliisoma rasimu, akavua miwani, akaniuliza, "Wewe ulikuwa unalala wapi?"

Nilikulia Tanga kwa bibi. Wajukuu sita, mkeka mmoja, na kikojozi anasukumwa ukutani. Sikumbuki hata siku moja kujiona mtoto aliyetelekezwa.

Sentensi yangu haikuwa uongo. Mtoto kweli hakuwa na kitanda chake. Alikuwa analala na bibi yake, aliyemlea tangu ana miezi minne, na ndiye anayemwamsha kwenda shule. Hayo sikuyaandika kwa sababu fomu haikuniuliza. Jaji angesoma maneno yangu manne, na picha ambayo ingemjia kichwani isingekuwa ya bibi na mjukuu.

Tuko wengi sasa katika kazi hii. Wengine wako ofisi za ulinzi wa mtoto, wengine wanafanya zamu za usiku kwenye nyumba za vijana, wengine ni wakalimani au walezi wa kambo, yaani wanaolea kwa muda watoto waliochukuliwa na serikali. Katika jimbo la Manitoba, karibu watoto 9 kati ya 10 walio chini ya uangalizi wa serikali ni wa jamii za asili: Mataifa ya Kwanza (kama Cree), Métis (uzao wa wenyeji na Wazungu) na Inuit (watu wa kaskazini kabisa). Kwa hiyo ukiingia kazi hii, hao ndio utakaokutana nao, na kalamu yako itakuwa na uzito ambao labda hukuutegemea. Mwongozo huu ni wa kuishika hiyo kalamu. Mambo ya watu niliokutana nao nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Hatua ya 1: Jua historia kabla hujabisha hodi

Mama atakayekufungulia mlango anakujua kabla hujataja jina. Hakujui wewe binafsi, anaijua kazi yako.

Kwa zaidi ya miaka mia moja, serikali ya Kanada na makanisa waliendesha shule za bweni zilizowatoa watoto wa jamii za asili kwao ili wasahau lugha na wazee wao. Watoto wapatao 150,000 walipitishwa humo, na shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990 tu. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizo ikiongozwa na jaji Murray Sinclair, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015. Mitano ya kwanza kabisa haizungumzii shule. Inazungumzia ulinzi wa mtoto, yaani sisi.

Sababu yake ni hii. Mwaka 1951 sheria ilibadilishwa, maafisa wa majimbo wakaruhusiwa kufanya kazi ndani ya ardhi zilizotengewa Mataifa ya Kwanza. Kuanzia miaka ya 1960 maelfu ya watoto walibebwa na kuasiliwa na familia za Kizungu, wengine wakapelekwa mpaka Marekani na ng'ambo. Wenyewe huiita Sixties Scoop, neno linalofanana na zoazoa yetu, kama unavyozoa taka kwa koleo. Mwaka 1985 jaji Edwin Kimelman wa Manitoba, baada ya kuyachunguza mafaili, aliyaita yaliyofanyika mauaji ya halaiki ya kiutamaduni. Waliofanya hayo hawakuwa majambazi. Walikuwa maafisa wenye fomu, wengi wao wakiamini wanawaokoa watoto, na mafaili yao yalikuwa nadhifu.

Na fedha nazo zilisukuma upande huohuo. Januari 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Kanada, katika shauri lililofunguliwa mwaka 2007 na shirika la Cindy Blackstock, mtetezi wa watoto wa Mataifa ya Kwanza, pamoja na Bunge la Mataifa ya Kwanza, chombo kinachowawakilisha, liliamua kwamba serikali kuu ilikuwa inawabagua watoto hao: fedha za huduma zilikuwa pungufu, na zilipangwa kwa namna iliyofanya kumchukua mtoto kuwe rahisi kuliko kumsaidia mama mapema.

Kisha kuna tahadhari za uzazi. Ofisi ilikuwa inatuma taarifa hospitalini kimyakimya kuhusu mjamzito fulani, na akijifungua afisa yuko koridoni anasubiri. British Columbia iliacha Septemba 2019, Manitoba Julai 2020. Mama aliyekosa kliniki miaka hiyo aliandikwa kuwa mzembe wa ujauzito. Wengi wao walikuwa wanatukwepa sisi, si daktari.

Sensa ya 2021 ilikuta watoto wa jamii za asili ni asilimia 7.7 ya watoto wote wa Kanada walio chini ya miaka 15, lakini ni asilimia 53.8 ya walio katika malezi ya kambo.

Cha kufanya: kabla ya ziara ya kwanza, jua familia inatoka Taifa gani na ardhi yao iko wapi, shule ya bweni ya karibu ilikuwa ipi, na kama mzazi mwenyewe alilelewa na serikali. Hilo la mwisho liangalie kwa makini, kwa sababu fomu za kupima hatari mara nyingi zinahesabu utoto wa mzazi kuwa alama mbaya. Serikali inamchukua akiwa na miaka mitatu, inamzungusha kwenye nyumba kumi na moja, kisha akizaa inamhesabia kuzungushwa kule kuwa dosari yake. Kama fomu inakulazimisha kuweka alama, iweke, ila chini yake andika nani alimchukua na kwa nini.

Hatua ya 2: Soma sheria mwenyewe, usingoje semina

Ofisini wanaiita C-92. Ni sheria ya shirikisho kuhusu watoto, vijana na familia za Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis. Ilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Quebec iliipinga, na tarehe 9 Februari 2024 Mahakama ya Juu ikasema sheria ni halali yote. Si ndefu. Isome jioni moja na chai.

Kifungu cha 15 kinakataza kumchukua mtoto kwa sababu tu ya hali ya kiuchumi ya familia: umaskini, ukosefu wa nyumba au miundombinu ya kutosha, au hali ya afya ya mzazi. Kifungu kinachokifuata, cha 15.1, kinakutaka uonyeshe juhudi ulizofanya ili mtoto abaki nyumbani kabla hujamchukua, isipokuwa kuna dharura. Cha 14 kinatanguliza huduma za kuzuia, hata kabla mtoto hajazaliwa. Cha 12 kinakutaka uwape taarifa mzazi, mlezi, na uongozi wa jamii ya mtoto kabla ya hatua kubwa.

Cha 16 kinapanga foleni ya mahali pa kumweka mtoto: kwanza mzazi, kisha mtu mzima mwingine wa familia, kisha mtu wa jamii yake, kisha mtu wa jamii nyingine ya asili, na mwisho kabisa mtu mwingine yeyote. Mimi na wewe, tukiwa walezi wa kambo, tuko mwisho wa foleni. Usikasirike.

Walioko Marekani wana sheria yao ya mwaka 1978, ambayo Mahakama ya Juu ya huko iliithibitisha Juni 2023. Kanuni zake za 2016 zinasema wazi kwamba umaskini, uzazi wa peke yako, umri wa mzazi au msongamano wa nyumba, peke yake, si ushahidi wa kumtenga mtoto na mzazi.

Hatua ya 3: Jikague mfukoni

Tunajidanganya kwamba sisi Waafrika hatuwezi kuwa na upendeleo huu kwa kuwa nasi tulitawaliwa. Kaa kwenye makundi yetu ya WhatsApp wiki moja utasikia: "wanapewa hela bure", "hawapendi kazi", "mimi nilikuja na begi moja nikajenga." Maneno hayo tunayaokota hapahapa, mara nyingi kabla hata hatujakutana na mtu mmoja wa Mataifa ya Kwanza, na tunaingia nayo ndani ya nyumba za watu tukidhani tumeacha kila kitu garini.

Kuna kosa la pili, tamu zaidi, na ndilo langu: "hawa ni kama sisi." Ukishasema hivyo unaacha kuuliza.

Dawa yangu ni ndogo. Kabla ya kushuka garini naandika mambo matatu ninayotarajia kuyakuta. Nikitoka nayasoma. Jambo lililokuwa kwenye orodha na limeingia pia kwenye maelezo yangu, nalitafutia ushahidi wa macho. Nisipoupata nalifuta. Wiki za mwanzo nilifuta sana.

Hatua ya 4: Chora ukoo, usijaze kisanduku cha "mlezi mkuu"

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibikia, na hapa ndipo Mswahili ana msaada wa kutoa kama atauliza kwanza.

Fomu inadhani familia ni mama, baba na watoto, na kwamba mtoto mwenye afya ameshikamana na mtu mmoja. Sasa sikiliza lugha ya Cree. Mama yangu ni nikâwiy. Dada wa mama yangu ni nikâwîs, neno lilelile likiwa limefanywa dogo: mama mdogo. Baba yangu ni nôhtâwiy, na kaka wa baba ni nôhcâwîs: baba mdogo. Siku niliyoelezwa hilo nilicheka kwa sauti ofisini. Watoto wa mama mdogo si binamu, ni ndugu, kama kwetu. Na kokum, bibi, si mama mzaa mama peke yake; dada zake nao ni kokum.

Kwa hiyo afisa akiuliza kwa Kiingereza, "Una dada?" na mama akajibu, "Ninao saba," kisha faili la zamani likaonyesha dada wawili, usikimbilie kuandika kwamba mama hasemi ukweli. Nimeiona hiyo imeandikwa.

Chukua karatasi kubwa, kaa naye mezani, mchore pamoja. Usiulize "Nani mlezi mkuu?" Uliza maswali yenye shughuli ndani yake. Nani alimpikia jana? Akipata homa saa nane usiku unampigia nani? Akigombana na wewe anakimbilia kwa nani? Nani mwingine ana haki ya kumkanya? Nani anamfundisha kutega sungura, kushona, kucheza ngoma? Majina yatatoka moja baada ya jingine, na kila jina ni mtu unayepaswa kumpigia simu kabla hujaanza kutafuta mlezi wa kambo.

Jihadhari pia na ile saa moja ya "kuangalia uhusiano" katika chumba cha ofisi chenye vinyago. Mtoto akimkimbilia shangazi kabla ya mama, muangalizi anaandika kwamba uhusiano na mama ni dhaifu. Mtoto aliyezoea mikono mitano anatumia iliyo karibu.

Hili nalo nalisema kwa uzito uleule: si kila familia iko hivyo. Mjini kuna mama aliyelelewa na Wazungu tangu akiwa mchanga, hajui hata neno moja la lugha ya bibi yake, na ukoo ameujulia ukubwani. Kuna Mkristo asiyetaka kusikia habari za ngoma. Usimvishe mtu utamaduni aliouvuliwa, wala usimpunguzie alama kwa kutouvaa. Muulize tu yeye ni nani, na anataka mtoto wake akue akijua nini.

Hatua ya 5: Ndani ya nyumba, punguza mdomo

Mswahili akiona kimya anakijaza. Jizuie. Kwa wazee wengi wa jamii hizi, kunyamaza kabla ya kujibu ni heshima: swali lako linapewa nafasi. Ukiuliza swali la pili kabla la kwanza halijajibiwa, umemkatiza. Kisha unaandika "majibu mafupi, hana ushirikiano." Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi.

Macho je? Wewe mwenyewe ulifundishwa usimkodolee mzee macho. Mama anayeangalia sakafu huku ukizungumza juu ya mtoto wake anaweza kuwa amefundishwa kama wewe, au ameona aibu, au anaogopa. Kutazama chini peke yake hakukupi jibu.

Kwa Inuit, uso nao unaongea. Kunyanyua nyusi ni "ndiyo". Kukunja pua ni "hapana". Muangalizi asiyejua ataandika "hakujibu" mahali ambapo mama amejibu maswali yote kumi.

Clare Brant, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa Mmohawk, aliandika mwaka 1990 kuhusu maadili ya kutoingiliana: mtu hamshurutishi mwenzake, hata mtoto. Mtoto anaachwa ajaribu, mkubwa akiwa karibu anamwangalia. Kwa sisi tuliolelewa kwa "we mtoto, toka hapo!", jambo hili linatutia jasho. Niliwahi kumwona mtoto wa miaka minne akipanda kiti kufikia sufuria baridi, mama yake ametulia tu. Nilitaka kuandika "usimamizi hafifu." Nilipomuuliza alikuwa anafikiria nini, alisema jiko limezimwa tangu saa mbili zilizopita na alitaka kuona kama ataomba msaada. Alikuwa amekaa hatua moja kutoka pale. Niliandika hatua moja, jiko limezimwa, na maneno yake.

Na moshi. Utaingia nyumba inanukia majani yaliyochomwa. Inaweza kuwa seji, mwerezi au nyasi tamu, wanajifukiza kama bibi zetu wanavyofukiza ubani Alhamisi jioni. Harufu ya seji imewahi kudhaniwa bangi. Uliza: "Mmefukiza leo?" Mara nyingi swali hilo peke yake hubadilisha mazungumzo yote.

Hatua ya 6: Pembua umaskini na uzembe

Makosa makubwa wanayoandikiwa wazazi hawa ni ya kutomtunza mtoto, zaidi kuliko kumpiga. Na "kutomtunza" ni kapu. Humo unakuta kweli mama anayemwacha mtoto peke yake siku mbili, na humo humo unakuta nyumba yenye ukungu ambayo mwenyewe hawezi kuibomoa.

Kila unapoona upungufu, jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, kingekuwepo kama fedha ingekuwepo? Mzazi amefanya nini kuziba pengo? Sisi tumefanya nini?

Chukua maji. Neskantaga, kaskazini mwa Ontario, waliagizwa kuchemsha maji ya bomba mwaka 1995, na agizo lile likadumu zaidi ya miaka 25. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alizaa watoto wake bomba likiwa bado halinyweki. Ukimkuta mzazi wa sehemu kama hiyo anamwogesha mtoto mara chache kuliko inavyotakiwa na kijitabu chako, umepima bomba.

Friji nalo linadanganya. Niliwahi kuandika "friji lina maziwa na siagi tu." Nyama ilikuwa kwenye friza la mjomba nyumba ya tatu, mawindo ya vuli, yamegawanywa kwa familia nne. Siku hizi nauliza, "Chakula chenu mnahifadhi wapi?"

Ukigundua tatizo ni fedha, tafuta fedha. Kitanda cha mtoto ni bei ndogo kuliko malezi ya kambo. Andika kwenye faili tarehe uliyoomba, nani alikataa, na kwa sababu gani. Hayo ndiyo jaji atakayoyatafuta akiuliza juhudi zako.

Hatua ya 7: Usimeze ripoti ya mwanasaikolojia nzima nzima

Ripoti ya uwezo wa mzazi ikija na tarakimu tunanyamaza, tunaona ni sayansi. Tazama Denmark. Kwa miaka mingi wazazi wa Greenland, wengi wao Inuit, wanaoishi huko walipimwa kwa vipimo vya saikolojia ambavyo havikutengenezwa kwa lugha yao wala maisha yao. Taasisi ya Haki za Binadamu ya Denmark ilivikosoa mwaka 2022. Novemba 2024 mtoto mchanga wa mama wa Greenland alichukuliwa saa mbili tu baada ya kuzaliwa, watu wakaandamana Nuuk, mji mkuu wa Greenland, na kuanzia 1 Mei 2025 sheria ikapiga marufuku vipimo hivyo kwa familia zenye asili ya Greenland.

Kanada nayo ilikuwa na kesi ya Ewert mwaka 2018. Ilihusu wafungwa, si wazazi, lakini swali ni lilelile: Mahakama ya Juu ilisema idara ya magereza ilikosea kutumia vipimo bila kuhakikisha vinasema kweli kwa watu wa jamii za asili.

Kwa hiyo mwandikie mwanasaikolojia barua pepe fupi. Kipimo hiki kilijaribiwa kwa kundi gani la watu? Mzazi alipimwa kwa lugha anayoiotea ndoto, au kwa lugha ya shuleni? Ni alama zipi zingebadilika kama hofu yake ya serikali ingehesabiwa kuwa ya haki? Hili la mwisho lina uzito. Kuna vipimo vinavyouliza kama unahisi watu wanakufuatilia au wanapanga kukudhuru. Mama ambaye bibi yake alichukuliwa, mama yake akachukuliwa, na yeye akachukuliwa, ajibu nini? Akisema hapana anadanganya, akisema ndiyo anaitwa mgonjwa. Wapo wanasaikolojia watakaokujibu vizuri na kwa furaha. Asiyejibu, weka barua yako kwenye faili.

Ukiwa mkalimani, usipendeze jibu. Mzazi akitumia neno lisilo na mwenzake, lisema lilivyo na uombe nafasi alieleze.

Hatua ya 8: Andika ulichoona kabla ya unachodhani

Nimeweka hizi kwa sababu nimeziandika zote kwa mkono wangu.

Niliandika: "Mama hakutoa ushirikiano." Ilipaswa kuwa: "Nilifika Jumanne saa tatu asubuhi bila taarifa. Mama alizungumza nami mlangoni kwa dakika kumi. Aliomba nirudi Alhamisi dada yake akiwepo. Alhamisi nilikaribishwa ndani, tulikaa saa moja na nusu."

Niliandika: "Nyumba ina watu wengi wanaoingia na kutoka." Ilipaswa kuwa: "Wakati wa ziara walifika watu wazima watatu: bibi, mjomba na mama mdogo wa mtoto. Bibi alileta supu. Mjomba alimchukua mtoto mkubwa kwenda mazoezi ya hoki."

Niliandika: "Mama anapunguza uzito wa tatizo." Ilipaswa kuwa maneno yake mwenyewe, ndani ya alama za kunukuu, hata kama hayanifurahishi: "Nilikunywa baada ya mazishi ya kaka yangu. Watoto walikuwa kwa kokum. Niliwapeleka mwenyewe kabla ya kuanza." Huyo mama alipanga usalama wa watoto akiwa na msiba kifuani. Sentensi yangu ya kwanza ilimfuta.

Ukimaliza, pitia rasimu na kalamu nyekundu ukitafuta "inaonekana", "inadhaniwa", "anaelekea kuwa". Kila moja iwe na tukio na tarehe, ama iondoke. Kisha fanya jaribio moja: badilisha jina la ukoo liwe la Kizungu, mtaa uwe wa matajiri. Yaya, bibi na shangazi wanaolea mtoto huko wanaitwa "msaada mzuri wa familia." Kama sentensi yako inageuka maana ukibadilisha mtaa, irudie.

Hatua ya 9: Hatari ya kweli ni hatari

Hakuna utamaduni wa Cree, wa Inuit wala wa Métis unaoruhusu mtoto kuvunjwa mkono. Wazee wao watakuwa wa kwanza kukuambia. Ukiogopa kuitwa mbaguzi ukamwacha mtoto mahali pa hatari, umembagua mara ya pili, maana mtoto wa Kizungu usingemwacha. Ukiona jeraha lisiloelezeka, mtoto mchanga na mtu mzima aliyelewa chakari na hakuna mwingine, au mtu mwenye rekodi ya kuwadhuru watoto analala chumba kimoja nao, chukua hatua leo.

Ila chukua hatua kwa mpangilio wa kifungu cha 16, na ile karatasi ya ukoo mkononi. Mara nyingi mtoto anaweza kulala usiku huohuo kwa mama mdogo mtaa wa pili, na mtu hatari ndiye akaondoka. Mpigie simu mwakilishi wa jamii yake usiku huo, si Jumatatu. Na mtoto akishawekwa mahali, sheria inakutaka uendelee kupima upya kama anaweza kurudi kwa mzazi au kwa ndugu. Weka tarehe kwenye simu yako, mfumo wa ofisi hautakukumbusha.

Hatua ya 10: Msomee ripoti kabla haijaondoka

Si kumtumia kwa barua. Kaa naye, pamoja na mtu anayemchagua yeye, usome kwa sauti, taratibu, uache ukurasa mmoja mweupe wa maneno yake, nao uende mahakamani bila kuhaririwa. Inachukua saa mbili. Omba ruhusa ya muda huo mapema, na usikubali kubanwa.

Mama wa ile nyumba ya vyumba viwili nilimsomea kurasa kumi na moja. Kitanda kilikuwa kimeshatoka, bibi ameingia, mstari wa kwanza kabisa. Alisikiliza mpaka mwisho akiangalia meza. Nikangoja, nikahesabu. Nilipofika kama ishirini akaivuta ripoti, akaweka kidole kwenye jina la mwanawe.

"Umelikosea," akasema. "Kila ukurasa."